Aliingia, Hakutoka

Benchi letu limeegemea ukuta wa Kinyozi, na mguu wake mmoja ni tofali. Mimi ndiye mwenye birika la kahawa, basi nasikia mengi kuliko ninavyotaka. Jamaa tunayemwita Logi anaendesha seva ya mchezo wa vita, ule unaochezwa na watu wengi kwa pamoja, kila mmoja akiwa kwao. Seva huandika kila kinachotokea: nani kaingia, nani kamuua nani, nani katoka. Mistari maelfu kwa siku. Logi katengeneza programu isiyo na picha wala vitufe. Unaandika amri kwenye kioo cheusi, inachambua mistari yote, inakupa jibu. Jibu hilo ndilo pumzi ya Kinyozi. Miezi minane iliyopita alimwambia mdogo wake, mbele ya wateja, kwamba ni mzigo. Kijana akaondoka, akabadili namba ya simu. Kilichobaki ni jina lake la mchezoni, Wembe Butu, na kila asubuhi Kinyozi huja kuuliza kama limeingia. Leo kauliza mara nne, na kuna mteja ndani kanyolewa upande mmoja.

LOGI: Jibu ni lilelile, kaka. Aliingia Jumanne saa tatu asubuhi. Hakutoka.

KINYOZI: Leo Jumamosi!

LOGI: Ndiyo. Programu inasema kacheza saa tisini na saba, mfululizo.

MZEE BREKI, dereva mstaafu: Tisini na saba! Wahenga walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyo kashapewa jembe humohumo.

KINYOZI: Kapewa na nani, mzee wangu?

MZEE BREKI: Si wenye mchezo! Wanamfungia mtu chumbani, anacheza kwa niaba ya matajiri waliolala.

FUNDI VIATU, kiatu cha kike mapajani: Acha kumtisha mwenzio. Kijana kasinzia tu mbele ya kompyuta.

KINYOZI: Siku nne?

FUNDI VIATU: Eh... basi labda si usingizi.

Nilitamani kummwagia Fundi kahawa. Kinyozi alikaa kama mtu aliyesukumwa, na Fundi, kwa kutaka kurekebisha, akaharibu zaidi.

FUNDI VIATU: Maana yangu, wapo wanaoingia wazimawazima! Mwili unabaki kitini, mwenyewe yumo ndani.

MZEE BREKI: Kabisa! Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kijana kainama mno.

LOGI: Jamani, pengine umeme ulimkatikia. Mtu akizimikiwa ghafla, programu yangu haioni akitoka.

KINYOZI: Na umeme uliporudi, mbona hakuingia tena? Hajawahi kukosa hata siku moja, Logi. Hata siku ya homa aliingia. Naogopa, bwana. Naogopa kweli.

Mwenye kile kiatu, mama mmoja tusiyemjua, alikuwa kasimama pembeni, mguu mmoja juu ya kipande cha boksi.

MAMA: Samahani, wanangu. Huko mchezoni watu hawazungumzi?

LOGI: Wanaandikiana sana, mama. Matusi na vicheko.

MAMA: Na seva inayaandika hayo?

LOGI: Inaandika. Ila programu nimeiamuru iyaruke. Ni takataka, yanachafua jibu.

MAMA: Kwa hiyo miezi minane mmemlindia mlango tu, anachosema hamjasoma?

Logi aliivuta kompyuta, akaifuta ile sehemu ya amri inayoyaruka maneno. Ya zamani hayapo, akasema. Kila wiki huyafuta kupunguza uzito. Yamebaki ya tangu Jumatatu. Akabonyeza, akasoma kwa sauti iliyokuwa ikipungua.

— Jumatatu. Wembe Butu: Logi, upo? Kaka yuko hapo karibu?

— Jumatatu. Wembe Butu: Muulize kama bado ana hasira.

— Jumanne. Wembe Butu: Logi, jibu basi hata leo. Natolewa chumbani kwa deni la kodi, wamesimama mlangoni. Muulize kaka kama naweza kurudi.

Baada ya hapo hakuna mstari wenye jina lake.

KINYOZI: Mwandikie! Mwambie arudi. Mwambie hata jana, hata juzi, mlango ulikuwa wazi. Andika, Logi!

LOGI: Nitaandika, kaka. Lakini hayumo. Nani atasoma?

KINYOZI: "Hata leo," kasema. Maana yake alishauliza kabla. Aliuliza mara ngapi?

LOGI: Nimefuta, kaka. Nisamehe.

Fundi alimkabidhi mama kiatu chake bila kutaja bei. Mama hakukivaa. Alikishika tu, akatutazama mmoja mmoja.

MAMA: Na tangu Jumanne, analala wapi?

Kinyozi alitazama barabara upande huu, akatazama upande ule.