Mama Punguza na Jiko Alilonyang'anywa

Ndugu, jamaa, majirani na wote mliosimama juani kwa ajili ya mama huyu, poleni sana. Mnaofuatilia kwenye karatasi mlizogawiwa pale langoni, zikunjeni tu mjipepee. Wasifu uliochapishwa humo umekatwa mkia na kichwa na kaka mkubwa, na huu unaosomwa hapa ndio mzima. Kamati ya mazishi ilimwomba binti wa pili wa marehemu, huyu anayewasomea, aandike kwa upole, funika kombe mwanaharamu apite. Amejaribu, ameshindwa. Ana hasira na anaisema hadharani, kwa sababu leo hii kuna gari limepangwa kumchukua mama mdogo, mdogo wake marehemu, limpeleke kulekule alikopelekwa dada yake ili naye apumzike. Kwa hiyo sikilizeni vizuri jinsi dada yake alivyopumzishwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1949, mtoto wa nne wa fundi seremala na mama muuza nyanya. Uchungu ulimshika mama yake akiwa sokoni, na bibi huyo alikuwa akisimulia hadi anazeeka kwamba alimaliza kwanza kubishana na mteja ndipo akakubali kubebwa. Mtoto akakulia chini ya meza ya nyanya. Kabla hajajua kusoma alijua kuligeuza fungu la mboga na kutazama mashina yalipokatwa, kwa sababu majani yanaweza kunyunyiziwa maji yakadanganya, lakini shina likishakauka limekauka.

Alianza shule mwaka 1957 na kumaliza darasa la saba mwaka 1963. Alipenda hesabu na akachukia somo la upishi, jambo ambalo wengi hapa mtalishangaa. Somo lenyewe lilifundishwa bila jiko. Siku moja mwalimu alichora mayai ubaoni, akachora na unga na sukari, akawaambia wasichana waandike namna ya kuoka keki. Marehemu akanyoosha mkono, akauliza kwa adabu kama na kula watakula chaki. Alipiga magoti nje hadi kengele ya kwenda nyumbani. Alisema miaka yote baadaye kwamba magoti yaliuma, ila swali lilikuwa halali.

Mwaka 1967 aliajiriwa kwenye kantini ya kiwanda cha viberiti, akiwa mwosha vyombo. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa anapika, na baadaye akawa mkuu wa jiko hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 2001. Wanawake waliopita mikononi mwake wamejaa hapa leo, na kila mmoja ana lake alilofundishwa. Sufuria ikiungua usiikwangue kwa hasira. Ichemshie maji na magadi, iache ipoe, uone kama haitaachia yenyewe. Mkate uliokauka unyunyizie maji, uuweke juu ya mvuke. Tia punje za mchele kwenye kikopo cha chumvi isigande. Yai likielea majini, mrudishie aliyekuuzia, na usiondoke mpaka akutazame usoni.

Sokoni ndiko alikopewa jina la Mama Punguza, maana hakuwahi kusalimia kwa neno jingine. Alikwenda alasiri, wauzaji wakiwa wameanza kuwaza safari ya nyumbani. Kitu alichokitaka hakukitazama kabisa. Alikishika kitu cha pembeni, akakilaumu, akageuka kuondoka, akaitwa, akajifanya hasikii, akaitwa tena. Wasiomjua walidhani ni bahili. Muuza mboga, ambaye ameacha meza yake leo kuja kumzika, anajua zaidi. Muuza mboga huyo alipolazwa hospitali kwa nyonga iliyovunjika, marehemu alimfuata wodini, akasimama miguuni mwa kitanda na kumwambia nyanya zake ni mbovu. Mgonjwa akasema hana nyanya hapa. Marehemu akasema basi hata hizo asizokuwa nazo apunguze. Wodi nzima ilicheka, na muuza mboga akala chakula chake cha kwanza baada ya siku kadhaa. Chakula chenyewe marehemu alikuwa amekibeba kwenye kikapu.

Mwaka 1971 alifunga ndoa na fundi mitambo wa kiwanda hichohicho. Fundi huyo alikuwa akirudi dirishani kila mchana kuomba ukoko, mpaka wenzake wakamwambia, bwana, hakuna mtu anayependa ukoko kiasi hicho, sema ukweli. Akausema. Waliishi pamoja hadi mauti yalipomchukua mwaka 1998, wakajaliwa watoto watatu: kaka mkubwa, ambaye tangu utoto anaitwa Meneja kwa kupenda kupanga watu, binti wa pili, anayesoma hapa, na kitindamimba, anayefanya kazi mbali na kukubali kwa simu kila linaloamuliwa. Marehemu alipofiwa na mume, mdogo wake alihamia kwake. Dada wawili wakashika jiko moja na hawakuwahi kugombana, isipokuwa kuhusu chumvi.

Dalili ilikuwapo mapema, na watu waliicheka. Mwaka 2019 Meneja alimletea mama yake sufuria mpya zinazong'aa, akazibeba zile nyeusi bila kuuliza na kumpa Vyuma, muuza chuma chakavu wa pale kona. Nia yake ilikuwa njema. Marehemu alitoka mbio na kanga ya jikoni, akamkuta Vyuma anazipanga kwenye mkokoteni. Hakusema ni zake. Aliziponda moja baada ya nyingine, hii imetoboka, hii haina mpini, akaondoka, akaitwa, akarudi nazo zote pamoja na beseni juu. Vyuma aligundua baada ya juma zima kwamba amemuuzia mwenye mali mali yake, na tangu siku hiyo akawa anamwamkia kwa kuinama. Jamaa walicheka mpaka machozi. Hakuna aliyemuuliza Meneja kwa nini alidhani chombo kilichopika miaka yote hiyo ni takataka.

Januari 2022 marehemu alianguka sokoni. Ulikuwa moyo. Daktari akampa dawa, akasema apunguze chumvi, asinyanyue masufuria makubwa na apumzike wiki mbili. Neno lilikuwa hilo, wiki mbili. Meneja akamhamishia kwake ghorofani, chumba chenye pazia nene na televisheni ukutani. Wiki mbili zikaisha. Marehemu akafunga kikapu chake, akakaa nacho sebuleni kungoja gari. Gari halikuja. Akaambiwa, mama, wewe sasa ni mtu mzima, umetulea, zamu yetu imefika, pumzika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu alikaa ugenini miaka miwili na zaidi, na jembe lenyewe akanyimwa. Chakula kilikuja kwenye vifurushi kutoka hotelini, kimeshapoa. Mke wa Meneja halaumiwi hapa; naye alikatazwa asimpe hata kisu, na alikuwa akilia kwa siri. Marehemu akawa anakaa kwenye kibaraza cha juu akiwaelekeza kwa sauti wapita njia waliobeba mboga kwamba wameuziwa zilizolala.

Mungu akamletea fundi cherehani wa ghorofa ya chini. Mama huyu, mjane, alisikia ile sauti ya juu na akapanda kuuliza kama mwenye sauti angependa kushuka. Tangu hapo, Meneja akishatoka kwenda kazini, marehemu alikuwa akishuka ngazi polepole na kumpikia fundi maharage na mboga, huku mwenzake akishona. Alinenepa. Alianza tena kusengenya. Binti yake alipopiga simu alipewa habari za soko zima, ingawa msimuliaji hakuwa na ruhusa ya kwenda huko.

Kilichomponza ni harufu ya vitunguu. Februari mwaka huu Meneja alirudi mapema, akamkuta mama yake ngazini, kanga inanukia kitunguu kilichokaangwa. Alishuka kumfokea fundi cherehani mbele ya wateja wake kwamba anamtumikisha mama wa watu. Kisha akaanza kufunga mlango na kuondoka na ufunguo. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sawa, lakini huyu hakuwa kuku, alikuwa mama yake mzazi.

Mwezi wa nne binti yake alimpeleka kwa daktari yuleyule. Alikuwa amekonda mpaka kanga inamzunguka mara mbili. Daktari alimuuliza siku hizi anafanya nini nyumbani. Marehemu akajibu kwamba anatazama ukuta. Daktari akageuka na kuuliza nani amemkataza kupika, maana yeye alisema wiki mbili tu, na mtu wa namna hii anapaswa kutembea, kushughulika na kula chakula anachokipenda. Ndipo kikaitishwa kikao cha familia. Mama mdogo alipiga magoti, mtu wa umri wake, akaomba arudishiwe dada yake. Binti wa pili naye alisema yote aliyoambiwa na daktari. Kitindamimba alisema kwa simu kwamba anakubaliana na kaka. Na kaka, msomi, mtu wa watu, mwenye kupenda mama yake kweli, alisema neno ambalo msomaji huyu anaomba mlisikie kama lilivyotoka.

"Watu watanionaje? Mama wa mtu kama mimi akae anamenya vitunguu?"

Basi watu wenyewe ndio hawa wamekuja. Waangalie, kaka. Wapishi, wauza mboga, mafundi, na Vyuma, ambaye mkokoteni wake ameuacha pale langoni. Hakuna hata mmoja aliyewahi kumdharau mama yako kwa kumenya kitunguu. Walimheshimu kwa hilohilo. Aibu ilikuwa yako peke yako, ukambebesha yeye mpaka ikamlaza.

Mwishoni mwa Mei alilazwa. Hakuwa na maumivu makubwa. Dawa zilifanya kazi yake. Alichokosa ni sababu ya kuamka. Jumatatu mchana binti yake alikuwa naye, amemletea matunda, wauguzi wanapitapita. Marehemu alifumbua macho na kusema, "Nipe kitu cha kumenya." Binti akampa chungwa na kisu kidogo. Vidole vikakumbuka kazi yake. Alilimenya lote, ganda likashuka zima bila kukatika, akaligawa, akampa wa kitanda cha pili, akauliza limenunuliwa bei gani. Alipoambiwa alisikitika sana. Alifariki alfajiri ya Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, wakwe, majirani, fundi cherehani mmoja ambaye familia hii inamwomba radhi mbele ya kaburi, na mdogo wake mmoja wa tumbo moja. Mdogo huyo hamumwoni hapa, na asidhaniwe kakosa adabu. Alimuaga dada yake nyumbani kabla hatujatoka. Kaka, gari ulilomtumia lilifika asubuhi, limepakwa nta linang'aa. Mama mdogo alimwambia dereva aingie ndani, ale ashibe, kisha aondoke na kiti kitupu. Sasa hivi yuko jikoni na yale masufuria meusi, amefunga kanga kiunoni, anawapikia ninyi wote chakula cha matanga. Atakaa pale mpaka atakapochoka mwenyewe. Atakayetaka kumpumzisha aende amwambie akiwa ameshika mwiko.

Na wewe kaka, usiende hotelini leo. Njoo ule. Ukifika, mlangoni kuna beseni la vitunguu. Kaa chini umenye.

Kuhusu marehemu, desturi inataka tumwombee apumzike. Binti yake hawezi kulitamka neno hilo. Alipumzishwa vya kutosha akiwa hai. Mungu ampokee kwa amani, ampe jiko.