Sarafu za Makaburini Kwetu

Assalamu alaykum, ndugu zangu. Miezi minne nimekaa na kikundi hiki cha kufarijiana bila kusema neno, nanyi mmenivumilia. Leo nitasema. Nikinyamaza katikati, msinihimize.

Mimi ni mkulima wa mpunga, kwetu Mbuchi, huko delta. Nyuma ya kijiji kuna kilima walichokaa watu wa zamani sana, na ubavuni mwake ndipo tunapozika. Maji makubwa ya bamvua, bahari inapojaa kupita kiasi, yakishakula ukingo, udongo huacha vigae, shanga, na sarafu za shaba ndogo kama ukucha, zenye maandishi ya Kiarabu. Nilianza kuziokota nilipofiwa na baba, maana nyumbani palikuwa hapakaliki. Naziosha kwa maji matupu, nazilaza juu ya kitambaa cheupe, naweka punje ya mpunga pembeni ili ukubwa uonekane, halafu nazipiga picha kwa simu asubuhi, jua likiwa linatoka upande. Hapo herufi zinasimama. Siku ya kwanza niliposoma neno zima, nawaambia kweli, nililia.

Nikaingia kwenye kundi la wapenda sarafu mtandaoni. Wakanisifu. Mimi, ambaye hakuna aliyewahi kunisifu kwa lolote! Mmoja akaniandikia pembeni, kwa adabu kabisa: "Kaka, kazi yako nzuri. Hizi unaziokota wapi?" Nikamtumia picha ya kilima, na njia ya kufika nikamweleza. Hakuniandikia tena.

Mpunga ukaanza kuiva. Kijiji kizima tulihamia mashambani kuamia ndege wasile mpunga, tunalala kwenye madungu, vile vibanda vya juu ya nguzo. Tuliporudi tulikuta mashimo. Hawakuchimba kilima tu, ndugu zangu. Walichimba makaburi. La baba lilikuwa wazi, na mifupa yake imetupwa pamoja na ya wengine wawili.

Watu wakaulizana, "Nani kawaonyesha?"

Nikasema, "Ni mimi."

Kaka yangu akaniambia, "Umemuuza baba."

"Wallahi sikupokea hata senti."

"Basi umemtoa bure. Afadhali ungemuuza."

Nikajifungia ndani. Natoa salamu dirishani, hakuna anayeitikia. Chakula hakipiti. Nilitamani mto unichukue. Nalisema hili waziwazi kwa sababu huenda humu ndani yupo anayetamani hivyo leo. Polisi walikuja, wakaandika walichoandika, wakaondoka.

Siku ya tatu mjomba wangu akagonga mlango. Mkewe alikuwa mmoja wa wale wawili.

"Mjomba, toka," akaniita, maana sisi huitana hivyo.

"Sistahili hata kuonekana."

"Sijaja kukuuliza unastahili nini. Mke wangu yuko nje. Baba yako yuko nje. Chukua jembe."

Nikatoka. Hakunishika mkono. Alitembea mbele tu, polepole, nisibaki nyuma. Tulijaribu kutenganisha mifupa, tukashindwa kujua ipi ya nani. Watatu tukawazika pamoja. Kaka akanipa upande mmoja wa sanda, tukaishusha. Hakunitazama.

Sarafu zangu zote nilizikabidhi ofisi ya kijiji, na picha pia. Walizochukua wale watu hazijaonekana mpaka leo.

Siwezi kuwaambia nimepona. Kaka bado ananijibu kwa neno moja moja. Ila nakula, nalala, na mwezi uliopita jirani aliniitikia salamu, nikasimama njiani kama mjinga, sijui niendelee vipi.

Namshukuru mjomba. Amekaa pale nyuma, hataki nimwangalie. Nawashukuru na nyinyi wa hapa Kibiti mlionipa kiti bila kuniuliza nimefanya nini. Ninachowaombeni ni kimoja: mgeni akisifu kitu chenu kisha akauliza kiko wapi, msijibu peke yenu. Nendeni kwanza mkawaulize wenzenu ambao wafu wao wamelala hapo. Mimi sikuuliza, na sasa nikienda kumsomea baba Yasini, inabidi niwasomee watatu, kwa sababu sijui yeye ni yupi.