Jescah Kageha Lusweti (1939–1998): Mwalimu wa Jiko Lisilo na Moshi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika Buyangu leo Jumamosi, tarehe 31 Januari 1998, kwa barabara hii iliyobomoka, familia ya Mzee Lazarus Lusweti inawashukuru. Haya ndiyo maisha ya Mwalimu Jescah Kageha, kwa kadiri tulivyoweza kuyakusanya.

Mwalimu Kageha alizaliwa tarehe 14 Aprili 1939 karibu na Shinyalu, mtoto wa nne wa Mzee Shikanga na Mama Muhonja. Mama yake alikuwa mfinyanzi wa vyungu, na Kageha alijua kuuchagua udongo kabla hajaijua herufi hata moja. Mpaka uzeeni alikuwa akipita njiani, anainama, anaokota bonge, analisugua kwa kidole gumba, kisha analitupa. Waliotembea naye walielewa kwamba bonge hilo limeshindwa mtihani.

Alianza shule mwaka 1947. Dada zake hawakusoma. Yeye alisoma kwa sababu alilia hadi baba yake akachoka kumsikia, na hivyo ndivyo alivyokuwa akisimulia mwenyewe, bila haya. Alifaulu mtihani wa darasa la nane mwaka 1956, akaingia chuo cha ualimu, akatoka mwishoni mwa 1958 akiwa na cheti cha T4. Januari iliyofuata akaanza kufundisha katika shule ya msingi karibu na Butere.

Huko ndiko alikokutana na Lazarus Lusweti, kijana wa hapa Buyangu aliyekuwa karani wa mizigo katika stesheni ya Butere. Shule ilikuwa ikisubiri sanduku la vitabu kutoka Kisumu, na Mwalimu Kageha alitumwa kuliulizia. Karani akamwambia halijafika, arudi kesho. Kesho yake akaambiwa vivyo hivyo, na kesho kutwa pia. Siku moja alipokuwa akisubiri, mguu wake uligonga kitu chini ya meza ya karani. Akainama, akalisoma jina la shule yake juu ya sanduku.

"Hili ni nini?" akauliza.

"Nilijua ukilichukua hutarudi tena," Lazarus akajibu.

Walifunga ndoa kanisani Butere tarehe 16 Desemba 1961. Mungu akawajalia watoto wanne: Sylvanus, Winrose, Kennedi na Wesley. Kennedi hakukaa sana duniani. Kifua kilimchukua mwaka 1969 akiwa bado mchanga wa kubebwa mgongoni. Mwalimu hakupenda kulizungumzia jambo hilo, na watoto wake walijifunza kutomuuliza.

Alifundisha kwa muda wa miaka thelathini na mitano, kwanza Butere, kisha Navakholo, na mwishoni shule za huku karibu na msitu. Mfumo mpya wa elimu ulipoingia mwaka 1985 alipewa somo la sayansi kimu, na mwaka uliofuata akapelekwa kwenye semina ya kujenga majiko ya udongo. Aliyewafundisha alieleza jinsi jiko la mafiga matatu linavyokula kuni nyingi na kutoa joto dogo. Kisha akaongeza, kama mtu anayetaja jambo la kawaida tu, kwamba moshi wake huwaua watoto wachanga wanaobebwa mgongoni mama zao wakipika. Wenzake waliandika. Mwalimu Kageha aliweka kalamu chini, akatoka nje, akakaa kwenye nyasi mpaka kipindi kikaisha.

Akarudi nyumbani. Aliyang'oa mafiga yake yote matatu siku hiyo hiyo, akayabingirisha mpaka nje ya boma, na familia ikalala na chai na ndizi. Jumamosi ilipofika alikuwa amekwisha kukanda udongo, akachanganya na nyasi zilizokatwakatwa na samadi ya ng'ombe, akajenga jiko lenye mlango mdogo wa kuni na bomba la kupitishia moshi nje. Tangu hapo hakutulia. Akisikia mahali kuna binti aliyejifungua, alifika na jembe na ndoo, akapiga hodi, na baada ya salamu ya "mulembe" neno lililofuata lilikuwa: "Nionyeshe unapikia wapi." Majiko yake yako Buyangu, yako Navakholo, na mengine mpaka kule Lugari alikoolewa Winrose. Wapo hapa leo kina mama ambao wanayatumia.

Alistaafu mwaka 1994, wakahamia hapa nyumbani kabisa. Waliomtembelea wanajua aliishi vipi. Maharagwe yalilowekwa tangu jana yake ili yaive upesi. Sufuria ilifunikwa, na ukiinua kifuniko kuchungulia uliulizwa kama unataka kuupikia upepo. Kuni zilikuwa matawi ya miti yake mwenyewe, aliyokuwa akiipunguza. Msituni hakuingia na panga. Maganda na majani yalikwenda shimoni yakawa mbolea, na nguo iliyochakaa ilikatwa ikawa kitambaa cha kufutia vyombo, kisha utambi, na hakuna aliyejua inaishia wapi.

Mwaka 1995 ng'ombe wao wa maziwa alivimba tumbo akafa. Alipopasuliwa, tumboni mlikuwa na fundo la karatasi za nailoni kubwa kuliko kichwa cha mtoto. Kuanzia siku hiyo Mwalimu hakupokea karatasi ya nailoni kutoka kwa mtu yeyote. Alikwenda sokoni na kikapu, na ndani ya kikapu alibeba jani la mgomba la kufungia nyama. Siku moja akalisahau jani. Muuza nyama, aliyemfahamu vizuri, akamcheka.

"Mwalimu, leo utachukua yangu tu. Hakuna mtu anaona."

"Mimi naona," akajibu. Akavua kitambaa chake cha kichwa, kile cha kanisani, nyama ikafungwa humo, akarudi nyumbani kichwa wazi na msafara wa nzi nyuma yake. Mzee Lazarus alipomwona langoni alicheka hadi akaketi chini. Mwalimu naye akacheka. Kisha akaupindua mkono wake, akautazama, akasema kwa sauti tofauti: "Nimepita karatasi nyingi sana njiani, baba Sylvanus. Kila nikiokota, kesho nakuta zingine."

Jambo lililomchosha kuliko yote lilikuwa chemchemi. Kina mama wengi wa upande huu walichota maji pale bondeni, chini ya shamba la jirani yetu Bwana Wangila, na Mwalimu ndiye aliyewaongoza kuijengea ukuta wa mawe na kuipandia nyasi. Juu yake, kwenye mteremko, Bwana Wangila alikuwa na kichaka cha miti ya asili aliyoachiwa na baba yake. Mapema mwaka 1996 akaanza kuikata ili apande miwa. Mwalimu alivaa viatu akaenda kwake.

"Wangila, hii miti ndiyo inashikanga maji yetu."

"Najua, Mwalimu."

"Kama unajua, mbona unakata?"

Bwana Wangila akaegemeza panga lake. "Alice wangu amepita mtihani. Ameitwa sekondari, na mimi sina kitu ingine. Wewe ndiye ulimfundisha kusoma. Kama nisikate, uniambie nimwambie nini yule mtoto."

Mwalimu akageuka akaondoka. Alikwenda kwa chifu, akasikilizwa kwa heshima, akaambiwa shamba ni la mwenyewe. Akarudi nyumbani akavua viatu. "Nilienda na maneno mengi," alimwambia mumewe, "na yote nimerudi nayo." Kwa siku kadhaa, akiwa jikoni kwake, alisikia panga. Hakumkasirikia Bwana Wangila, na labda kumkasirikia kungemfariji. Wakati Alice alipokwenda kuanza kidato cha kwanza, Mwalimu alimpelekea shuka.

Ugonjwa wake ulikuwa umeanza zamani. Tangu 1993 alikuwa na kikohozi ambacho alikiita mafua. Alipimwa kifua kikuu, hakikuonekana. Katikati ya mwaka 1996, pumzi ikimwishia hata akitoka chumbani kwenda mlangoni, Winrose alimpeleka kwa daktari mjini Kakamega. Daktari aliitazama picha ya mapafu kwa muda mrefu.

"Mama, ulikuwa unavuta sigara?"

"Mimi? Niko Mothers' Union kanisani!"

"Basi umepikia kuni."

"Daktari, jikoni kwangu hakuna moshi. Uliza mtu yeyote."

"Si wa sasa," daktari akasema taratibu. "Ni ule wa zamani. Ulikwisha kufanya kazi yake."

Winrose anakumbuka kwamba mama yake alitazama dirishani njia yote ya kurudi. Walipokaribia nyumbani alisema tu: "Kwa hivyo nilichelewa na mimi pia." Winrose alielewa huyo mwingine alikuwa Kennedi, akamshika mama yake mkono.

Dawa zilitolewa. Zilimpa nafuu ya kuweza kulala, basi. Daktari alisema mapafu ya namna hiyo hayarudi. Mwalimu aliendelea kuloweka maharagwe na kuwatuma wajukuu waokote nailoni njiani, lakini Mzee Lazarus alimwona akibadilika. Zamani alikuwa akifanya mambo hayo kama mtu anayejenga. Sasa aliyafanya kama mtu anayenawa mikono kwa sababu amezoea kunawa. Mzee alipomwuliza kama bado anaamini yanasaidia, alijibu: "Sijui. Lakini siwezi kuyaacha. Nikiyaacha nitafanya nini?"

Kisha ikaja mvua hii ambayo redio iliipa jina la El Niño. Ilianza Oktoba mwaka jana na haikupumzika. Wiki ya pili ya Novemba, asubuhi, watu wakinywa chai, mteremko wa Bwana Wangila uliteremka wote pamoja na miwa. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu. Lakini chemchemi ilifukiwa, ukuta na yote. Mwalimu aliomba kiti, akawekwa mlangoni, akatazama. Vijana walichimba mchana kutwa, na kila walichotoa kilirudi kwa mvua ya jioni. Aliwatazama mpaka walipoacha. Bwana Wangila alipanda akaja kusimama karibu na kiti, maji yakimchuruzika, kofia mkononi. Baadaye Mwalimu alimwambia aingie ndani anywe chai.

Baada ya Krismasi pumzi yake ilikuwa fupi kabisa. Tarehe 17 Januari ilibidi aende hospitali, na gari halikuweza kufika hapa kwa matope. Wanaume walimbeba juu ya kitanda mpaka barabara ya lami, Bwana Wangila akiwa mbele. Njiani Mwalimu alizungumza naye.

"Umechoka. Niweke chini."

"Sijachoka, Mwalimu."

"Alice anaendelea?"

"Ameingia form three."

"Haya basi," akasema, na akafumba macho.

Hospitalini alipewa hewa ya mtungi. Mzee Lazarus alimfuata daktari kwenye korido akamwuliza kama hakuna kitu, hata kidogo, ambacho familia inaweza kufanya. Daktari akamwambia: "Kaa naye, mzee." Akakaa naye. Alimshika mkono, akamsimulia habari za stesheni ya Butere, za watu ambao wote wamekwisha kufa. Hajui alisikia kiasi gani. Mwalimu Jescah Kageha alifariki Jumanne, tarehe 20 Januari 1998, saa tisa alasiri.

Kuna jambo moja zaidi ambalo familia imeona lisemwe, kwa sababu mtaliona wenyewe mkizunguka nyuma ya nyumba. Alipokuwa mgonjwa, Mwalimu aliomba kwamba katika matanga yake pasikatwe mti. Tulimwahidi. Siku ya kwanza Winrose na Chepkirui, mke wa Sylvanus, waliwapikia waombolezaji kwenye jiko la udongo, sufuria moja baada ya nyingine. Kufikia mchana watu walikuwa wamejaa uwanjani kwa heshima yake, wengine wametembea tangu alfajiri kwa sababu aliwafundisha kusoma, na obusuma, ugali wetu, ya kuwatosha haikuwepo. Kuni za akiba zilikwisha. Wazee wakamwendea Mzee Lazarus. Alitazama watu, akatazama ule mti mkubwa wa mukumari alioupanda Mwalimu mwaka 1972 nyumba hii ilipojengwa.

"Hakuna njia nyingine?" akauliza.

Mzee mmoja akamwonyesha mahali pa kuni, patupu.

"Kateni," akasema. Akaingia ndani, akafunga mlango, na hakutoka mpaka shoka liliponyamaza. Chakula mlichokula hapa wiki hii kilipikwa kwa moto wa mti huo, juu ya mafiga. Hatumlaumu mtu. Hatukujua la kufanya, na hata sasa hatujui.

Marehemu ameacha watoto wake Sylvanus na mkewe Chepkirui, Winrose wa Lugari, na Wesley. Wajukuu, mkubwa wao akiwa Shantel. Ndugu zake wa Shinyalu. Na wanafunzi wengi. Ameacha mume, Mzee Lazarus, ambaye kila asubuhi tangu Jumanne ile amenawa uso, akabeba beseni mpaka kwenye migomba kumwaga maji kama alivyokuwa akiagizwa na Mwalimu, kisha akabaki amesimama pale na beseni tupu, akisubiri aambiwe aingie ndani.

Mwalimu wetu, mama yetu, lala kwa amani. Mungu akupokee, na atuangalie sisi tuliobaki.