Risasi Nyepesi ya Arvid Kangas

Ndugu, majirani na marafiki mliokatiza theluji kuja kumsindikiza Arvid Kangas, familia imenipa mimi, dada yake Helmi, heshima ya kuwasomea safari ya maisha yake.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1951 hapa Ziwa Salmi, Rasi ya Juu ya Michigan, akasoma shule ya kijiji hadi mwaka 1969, mwaka huohuo akaajiriwa katika kiwanda cha mbao alikotumikia hadi kustaafu mwaka 2011, na tarehe 12 Juni 1976 akafunga ndoa na Irja Maunula, wakajaliwa watoto wawili, Karin na Reino.

Tarehe 15 Novemba 1979, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, alimpiga kulungu jike kwa karibu kwa risasi nyepesi, ya uzito wa greni 110 tu, nayo ikapasukia kwenye mfupa wa bega bila kuzama, mnyama akaingia kinamasi cha mierezi, ukungu ukamfunika, na kaka alimtafuta hadi theluji ikafukia damu, asimwone. Kambini wawindaji wenzake walimngoja na mkasi, kwani kwa desturi yao anayekosa hukatwa pindo la shati. "Geuka, Arvid, leo tunapata pazia la dirisha!" Aligeuka akawapa pindo, kicheko kikazimika.

Tangu hapo alibeba risasi nzito tu, za greni 180, zinazovunja mfupa na kupita, lakini miaka yote aliamka kabla ya alfajiri akisema anamsikia yule jike akitembea nje ya dirisha, kwato zikivunja barafu taratibu.

Mwaka 2023 saratani iliingia kwenye mfupa wa bega lake la kulia, na daktari akamwonya, "Mzee Arvid, teke la bunduki yenye risasi nzito hizo litakuvunja bega." Irja akamjazia risasi za greni 130, zenye teke dogo.

"Hizo za kuchezea," kaka akasema.

"Basi baki nyumbani ucheze na paka," Irja akamjibu.

Alikubali kwa sharti moja, kwamba hatafyatua mpaka kulungu asimame ubavu wazi, apate kulenga nyuma ya bega, pasipo mfupa mzito.

Msimu mzima wa 2024 aliketi na Irja ukingoni mwa kinamasi kilekile, kulungu wakiwapitia kama moshi, wengine wakisimama kuwatazama uso kwa uso, naye hakufyatua. Siku ya mwisho, tarehe 30 Novemba, jike alitoka kwenye mierezi, theluji ikimtua mgongoni, akasimama ubavu wazi, akageuza kichwa kama aliyeitwa. Risasi ilipomwingia alipiga hatua chache, akalala. Kaka alisikiliza kwa muda mrefu, kisha akasema, "Mama Karin, yule mwingine amenyamaza."

Kuanzia hapo alilala hadi kunakucha, hata asubuhi ya tarehe 19 Januari 2025 ambayo hakuamka, na tutamlaza ardhini mwezi Mei, barafu itakapoiachia ardhi.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuondolea theluji mlangoni, na wenzake wa kiwandani na kambini. Nyama iliyoandaliwa katika ukumbi wa chini wa kanisa hili ni ya kulungu huyo wa Novemba, na Irja anaomba msibakize.

Pumzika kwa amani, kaka, nje ya dirisha kumetulia.