Siku Tatu Bila Maharage

Ukungu ulikuwa haujaondoka sokoni Lushoto, na benchi la mwuza kahawa, mkabala na magari yaendayo Mgwashi, lilishajaa. Mzee Kassimu, mwuza plamu, alikaa katikati, kahawa ikimpoa mkononi. Ijumaa kifua kilimbana, akapimwa. Leo alfajiri ametoa damu tena, na mkewe Zainabu amebaki hospitalini kusubiri majibu. Tusifichane, Kassimu alikuwa anaogopa. Kulia kwake alikuwepo Profesa, fundi baiskeli aliyesoma nusu ya kila gazeti. Kushoto Wakili, dereva wa bodaboda asiyekubali kushindwa ubishi.

— Hebu rudia, mzee wangu, — alisema Wakili. — Plastiki inaujuaje moyo wa mtu?

— Si moyo, protini yake, — alijibu Kassimu. — Moyo ukiumia, inavuja kwenye damu. Evelina wa maabara kanieleza: wanaichukua, wanaimwagia plastiki ikiwa bado uji. Ikishika, wanaiosha protini itoke. Kinabaki kishimo cha umbo lake, kama plamu uliyoibana kwenye matope ukaitoa. Damu ikipita, yenye umbo lile inanasa. Ni kipimo cha majaribio.

— Ndiyo maana nikakukataza maharage! — Profesa alidakia. — Maharage ni protini tupu. Haba na haba hujaza kibaba: harage moja, vishimo vimeziba, unaambiwa moyo umekufa na wewe unatembea.

— Na maziwa tunayoletewa kutoka Kwai je? — Wakili aliongeza. — Mimi naona wammwagie plastiki mwenyekiti wetu wa mtaa, libaki shimo lake. Akishachaguliwa tunampima kama ni yule yule aliyetuomba kura. Lisemwalo lipo!

— Lakini plamu haikai kwenye shimo la peasi, — Kassimu alisema taratibu. Hakuwa na hakika. Siku tatu alikuwa anakula ugali kwa chumvi.

Zainabu akatokea mbio mbio, karatasi mkononi.

— Shikamoo, mama, — Wakili aliinuka.

— Marahaba. Baba Salama, vishimo vitupu! Na kipimo cha kawaida kimesema hivyo hivyo. Moyo wako mzima. Daktari anasema ni misuli, upunguze kubeba matenga.

— Alhamdulillahi, — alisema Kassimu. Machozi yakamtoka na hakuyafuta. Furaha ilimjaa hata kikombe kikamwagika.

— Mnaona faida ya kuacha maharage? — Profesa akajitapa.

Zainabu akamgeukia.

— Kumbe! Nilimwambia Evelina kuwa hagusi maharage, akakisia kaogopeshwa kuhusu kipimo. Maharage yanasagwa tumboni, na protini yake wala haifanani na ya moyo. Sasa nijibuni. Siku tatu nimelia jikoni, nikijua mume wangu anakufa ndiyo maana chakula hakipiti. Nani alimkataza?

Profesa akaanza kukagua tairi la baiskeli ambayo haikuwa na pancha. Wakili akayatazama magari ya Mgwashi kana kwamba ana safari. Hata mwuza kahawa akaziba mdomo wa birika.

Kassimu akasimama, akamshika mkewe mkono.

— Mama Salama, — aliuliza, — yale maharage ya jana yamebaki?