Jina la Flaviana Kwenye Fomu ya Hita

Wasikilizaji wapendwa, haya nimeyasikia Jumapili iliyopita, baada ya misa, kwa Perpétue, binti wa marehemu. Tulikaa ndani ya gari lake, akanisimulia pole pole.

Marehemu ni Mzee Callixte wa mji wetu huu wa Euless, huku ughaibuni. Ametutoka akiwa na miaka sabini na mmoja. Wengi mlimjua. Alikuwa akisafisha ndege kule uwanjani, na kanisani ndiye aliyepanga viti.

Baridi ya mwaka huu mnaijua. Habari ya serikali kusaidia watu bili ya hita ilizungumzwa sana pale ukumbi wa kanisa. Wengine walisema ni haki yetu, kodi tunakatwa. Wengine walisema ukipokea utanyimwa uraia. Mzee Callixte alikuwa na lake. Perpétue alimletea fomu mara tatu. Mara tatu akairudisha.

Jamani, hakuwa na kiburi. Mzee huyu alikaa kambi ya wakimbizi Tanzania miaka kumi na minane. "Kule majina yakiongezeka kwenye orodha ya mgao, unga wa jirani unapungua," alimwambia bintiye. "Sasa mimi nimpunguzie nani?"

Basi hita ikawa inazimwa mchana kutwa. Mkewe, mama yetu Flaviana, ana kifua kibovu. Alishinda sebuleni na koti na kofia. Mzee alikuwa akimtania, "Mke wangu, unasafiri?" Naye akimjibu, "Nasubiri tiketi yako." Kila asubuhi mzee alijaza chupa maji ya moto, akaivisha soksi yake, akaiweka miguuni pa mkewe.

Wiki ile ya barafu, kifua kikambana mama. Akalazwa siku mbili. Hapo mzee mwenyewe akasema apelekwe kwenye ofisi ya msaada ule. Akamuuliza dada wa dirishani, Perpétue akitafsiri: "Nikiandikwa mimi, nani anafutwa?"

Dada akamweleza kwamba hela zikiisha wanafunga, lakini aliyekwisha kupewa hanyang'anywi. Mzee akageuka, akawatazama watu wa foleni nyuma yake.

"Basi andika Flaviana," akasema. "Mimi sina baridi."

Siku tisa baadaye, moyo wake ulisimama. Barua ya ofisi ile ikaja baada ya maziko. Flaviana amekubaliwa. Kwa kuwa jina lilikuwa la mama, hakuhitaji kuanza maombi upya.

Mama yetu Flaviana, Perpétue, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na sisi tunaosikiliza tujiulize, jirani gani amekaa ndani na koti, akiogopa kumkosesha mwenziwe? Tukamgongee mlango.

Perpétue aliniambia na hili. Siku ya barua aliwasha hita saa nane mchana. Mama akakaa na koti lake kwanza, muda mrefu tu. Halafu akalivua, akalikunja, akaliweka juu ya kiti cha mzee. Akaomba ile chupa yenye soksi. Binti akamwambia nyumba imeshapata joto.

"Najua," akasema mama. "Niletee tu."

Akaiweka miguuni, akalala.