Bibi Yetu Hakuwa Mjane

Ndugu waombolezaji, jamaa wa pande zote mbili, majirani wa mtaa huu na wa ng'ambo ya reli, mafundi wenzake wa kibarazani, na ninyi wageni wa shirika mliokaa mstari wa tatu, poleni na safari, na poleni mliosimama juani, viti havikutosha kwa sababu hatukujua kwamba fundi wa sare za shule ana watu wengi hivi. Familia imemtuma mjukuu wake wa kike awasomee maisha yake, na yatasomwa kama alivyoyaishi, bila kuruka mahali.

Marehemu alizaliwa Jumanne tarehe 9 Aprili 1957, katika chumba cha uani cha nyumba ya dobi, nyuma ya soko la zamani, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa dobi wa hoteli na mama yake akishona vifungo na kutia viraka kwa wateja haohao, ndiyo maana alizoea kusema kwamba alipofumbua macho alikuta uzi umeshatungwa kwenye sindano, kazi yake ikawa kuvuta tu.

Alianza shule ya msingi Januari 1965, shule iliyopakana na kiwanda cha sabuni, akamaliza darasa la saba mwaka 1971 na kufaulu, lakini nafasi ya sekondari ilikwenda kwa kaka yake, maana ada iliyokuwepo ilikuwa ya mtoto mmoja, na siku zile hakuna aliyeuliza mtoto huyo angekuwa nani. Mbele ya wazazi wake hakulalamika, ila sisi wajukuu tulimsikia akisema, "Mimi sikushindwa shule, shule ilinipita getini nikiwa nimeshavaa sare."

Mwaka 1972 alipelekwa kujifunza ushonaji kwa fundi mmoja mkali aliyekuwa na kibaraza mbele ya duka la vitambaa, akafagia mabaki, akachomwa na pasi ya mkaa, akafumua alichoshona na kukishona upya, na mwaka 1976 akanunua cherehani yake mwenyewe ya miguu, iliyokwishatumika, akaiweka kwenye kibaraza hichohicho na hakuhama mpaka mwaka jana. Wengi wenu mnamfahamu kwa jina la Mama Pindo, kwa sababu kila sare aliyoshona aliiachia pindo pana kwa ndani, akiwaambia wazazi kwamba mtoto hamwombi mtu ruhusa ya kukua, na pindo likifunguliwa mwaka wa pili, kazi hiyo hakutoza kitu.

Jumamosi tarehe 22 Septemba 1979 alifunga ndoa na fundi rangi, ambaye alikuwa ameletwa kupaka milango ya lile duka la vitambaa, akapaka mlango mmoja wiki nzima, hadi mwenye duka akauliza kama mbao zile zinakunywa rangi. Mungu aliwajalia watoto watatu, wa kwanza binti, mama yake msomaji huyu, anayefanya kazi ya kufua katika hospitali ya mbali na ambaye yuko hapa leo, wa pili kijana, mjomba wetu fundi magari, yuko hapa pia, na wa tatu alichukuliwa na surua mwaka 1988 akiwa bado ananyonya. Binti alipopata kazi mbali, aliacha watoto wake wawili kwa Bibi, akawa anatuma matumizi kila alipoweza, na nyumba ile haikuwahi kulala na njaa wala kukosa kelele.

Sasa tunafika kwenye sehemu ambayo baadhi yenu mmekuwa mkiingojea, na wengine mkiomba isifike.

Shirika lilikuja mtaani kwetu mwaka 2014, likavuta maji hadi zahanati, likatoa madawati, na mwaka 2017 likaanza kulipa ada za watoto kadhaa, wakiwemo wajukuu wawili wa marehemu, naye alilisifu kila mahali, kwa sababu alikuwa mtu wa kushukuru. Agosti 2019 afisa wa miradi, ambaye mtaa mzima humwita Bwana Usicheke kwa kuwa ndilo neno lake akishika kamera, alileta habari kwamba wangependa kumpiga picha marehemu nyumbani kwake. Bibi aliamka akasugua sakafu, akafua mapazia, akavaa gauni lake la harusi za watu na viatu vya kufunga, akamwita Babu naye avae shati la kola, na cherehani akaileta kutoka kibarazani, akaipangusa mafuta ikang'aa. Bwana Usicheke alipofika alishika kiuno, akasema mapazia yashushwe, viatu vivuliwe, lile gauni libadilishwe kwa lile analopikia, cherehani ipelekwe uani kwani inaziba mwanga, na mzee asogee kidogo, asogee tena, asogee mpaka nje ya mlango. Bibi alifikiri ndivyo picha nzuri zinavyopigwa, maana kila kazi ina ufundi wake, akatii.

Desemba kalenda ikatoka, na picha yake ilikuwa mwezi wa Machi, amekaa sakafuni na wajukuu wawili, ameinamisha kichwa. Chini yake palikuwa na maelezo kwa lugha ya wageni, ambayo kwetu hakuna aliyeijua, basi aliitundika kibarazani juu ya mashine yake, kwa fahari, na wateja wakaja kumtania kwamba siku hizi ametundikwa ukutani kama waziri. Machi ilipofika, muuguzi wa zahanati alipitia kuchukua sketi ya mwanawe, akasimama mbele ya ile kalenda muda mrefu, akauliza, "Mama, haya maneno uliyasoma?"

"Nisome wapi, mwanangu? Hebu nisomee. Wanasema nimependeza?"

Muuguzi akamsomea. Ilikuwa imeandikwa kwamba huyu ni mjane, hana kazi, na kwamba analea yatima wawili wa marehemu binti yake kwa kuombaomba sokoni. Bibi alimwomba arudie, akarudia, na hapo ndipo marehemu alipoacha kukanyaga cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo mafundi wenzake wanasema hawakuwahi kuliona. Kalenda moja ilikuwa imezika watu wawili bila jeneza. Binti yake alipopigiwa simu, aliuliza, "Mama, nilikufa lini, mbona kazini wananidai zamu?" Na Babu, ambaye maisha yake yote alipita mtaani kimya na ndoo yake ya chokaa, akawa anaamkiwa na watoto, "Shikamoo, Marehemu," naye mwanzoni alicheka na kuitikia, baadaye hakucheka tena.

Bibi alikwenda ofisini kwa shirika. Bwana Usicheke alimkaribisha chai, akamwambia kwa sauti ya upole, "Mama, hiyo ni lugha ya kuombea tu, usiiweke moyoni. Nikiandika una mume na cherehani, nani atatoa?" Bibi akajibu, "Basi asiyetaka kutoa asitoe, kuliko atoe kwa kunizikia mume. Na mimi nikikalia kiti cha mjane, mjane mwenyewe atakaa wapi?" Chai hakuinywa.

Ofisi zikafungwa kwa ajili ya ugonjwa ule uliofunga dunia nzima, zikafunguliwa, na mkutano wa mwaka ukaitwa Jumamosi tarehe 13 Novemba 2021, katika ukumbi wa shule, wafadhili wakiwa wamekuja wenyewe, na ukutani picha ileile imekuzwa kama mlango, na maneno yake. Marehemu alipangwa kutoa shukrani. Kabla ya siku hiyo alimwita mjukuu mkubwa, huyu anayewasomea, ambaye ada yake ilikuwa hatarini, akamweleza kwamba akisema ukweli huenda mtoto akarudishwa nyumbani, akamwuliza, hakumwamuru, na mjukuu akamwambia aseme. Mjukuu huyo hajajuta mpaka leo, ingawa amekosa alichokosa.

Bibi akasimama, akasema kwa sauti iliyosikika hadi dirishani, "Mimi si mjane, mume wangu mzima, binti yangu mzima, na cherehani ninayo." Bwana Usicheke ndiye aliyekuwa akitafsiri, akatafsiri anavyojua yeye, na wageni wakapiga makofi, mmoja akafuta machozi. Bibi akawageukia wenyeji, "Jamani, mtu akiambiwa mume wa mwenzake ni mzima, hulia?" Ukumbi ukaanza kuguna. Akateremka, akaenda hadi nyuma, ambako Babu alikuwa ametoka moja kwa moja kazini na chokaa nywele nzima, akamshika mkono.

"Niache, mama watoto, nimejaa vumbi."

"Njoo hivyohivyo, aliyefufuka hapigwi pasi."

Akamsimamisha chini ya ile picha. Wageni wakauliza huyu ni nani, Bwana Usicheke akawaambia ni shemeji yake, na wenyeji waliolisikia neno hilo wakalirusha nyuma, "Anasema shemeji!" Babu, mtu wa maneno ya kuhesabu, akasema, "Shemeji wa nani? Mimi ndiye yule marehemu." Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, na kicheko hakihitaji mkalimani, wageni wakataka kujua wanachekwa nini, ndipo yule muuguzi akasimama kwenye kiti chake akatafsiri yote, neno kwa neno. Mgeni mmoja mama mtu mzima alivua miwani, akauliza swali moja, nani aliyaandika haya. Walikuwepo mezani mkurugenzi, naibu wake na Bwana Usicheke, na kila mmoja akamwonyesha mwenzake kwa macho.

Januari 2022 afisa wa shirika alifika nyumbani kutuarifu kwamba ada zimesitishwa, kwa kuwa imebainika familia ina kipato na ina baba. Bibi alicheka hadi akashika ukuta, akasema, "Mzee wangu, pokea pongezi, ofisi imekufufua." Lakini jioni alikaa mbele ya begi la shule la mjukuu wake, na hakucheka. Mdogo alibaki shule ya msingi, mkubwa akatoka sekondari kidato cha pili, akaketi kibarazani kujifunza kushona, na Bibi alimfundisha bila kumhurumia, kwa sababu alisema huruma hupinda mshono.

Tangu hapo kila Alhamisi alikwenda ofisini kwa shirika na mambo mawili tu, la kwanza, kosa lirekebishwe katika kalenda ileile, kwa herufi za ukubwa uleule, ili waliotoa fedha wajue walitoa kwa ajili ya nani, na la pili, kabla ya kuandika habari za mtu yeyote asomewe kwa lugha anayoielewa, akubali au akatae. Alijibiwa kwamba mkurugenzi yuko kikaoni, naye alikuwa akituambia kwamba kikao hicho kama kingekuwa mtoto kingekuwa kimeshaota ndevu. Wanawake wengine wakaanza kumfuata, wakikaa kwenye benchi la mapokezi wakishona vifungo, na mlinzi akachoka kuwafukuza, akawaletea suruali yake. Oktoba mwaka jana wajane wa kweli wa ng'ambo ya reli walikataa kupigwa picha mpaka wasomewe kitakachoandikwa, na wakasomewa. Hilo aliliona kwa macho yake. Masahihisho ya kalenda hakuyaona.

Kuhusu ugonjwa, marehemu aligundulika na shinikizo la damu mwaka 2018, na Juni 2023 figo zikaanza kushindwa kazi, akalazwa wodi ya wanawake hospitali kuu, akatoka, akarudi tena Januari mwaka huu. Siku ya kulazwa karani alimwuliza hali ya ndoa, na ingawa pumzi ilikuwa ya kukopa, alisema wodi nzima ikasikia, "Nimeolewa, andika kwa wino." Alifariki Jumanne tarehe 20 Februari 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sitini na sita, miguu yake ikiwa mikononi mwa mume wake.

Jana Jumatano shirika lilimfikishia mjomba wetu ujumbe kwamba liko tayari kugharamia jeneza na kumrudisha mjukuu shuleni, iwapo, kwa heshima ya marehemu, habari za kalenda zitaachwa katika risala hii. Familia ilikaa. Wapo waliosema maiti hadai, mtoto asome, na hawakusema kwa ubaya. Babu ndiye aliyefunga maneno, akasema, "Mimi waliniua mara moja nikanyamaza. Huyu wakimzika na maneno yao, nitakuwa nimekufa kweli." Basi jibu letu kwa ujumbe ule mmelisikia tangu mwanzo hadi hapa, jeneza limenunuliwa na mafundi, na kamera tunaomba ibaki garini.

Tunaomba mume wa marehemu asimame, wamwone wasiomjua. Ndiye huyu. Miaka arobaini na minne na miezi mitano, katika ndoa hii hakuwahi kuwako mjane, ila tangu juzi saa nne asubuhi yuko mgane. Asante Babu, kaa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanawake, muuguzi wa zahanati yetu aliyetusomea na kututafsiria, majirani mliopika na kulala nasi sakafuni, mafundi wa kibarazani mliofunga kazi siku tatu msimu wa sare, na akina mama wa benchi la mapokezi. Tunalishukuru na shirika kwa maji ya zahanati, tumeyanywa na tunayanywa, shukrani yetu ni ya kweli, na ndiyo maana tunataka maneno yenu nayo yawe ya kweli. Nani aliyaandika yale, hamjasema bado.

Bibi, leo umesomwa mbele ya watu, kwa lugha yako, na hakuna aliyeondolewa kwenye picha. Pumzika kwa amani. Kudai tutadai sisi.